Betri za akiba: Zichague vyema, zitunze zisije zikakudhuru

KATIKA ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta huko Kisauni, ambao wengi wetu twauita Pirates, utawaona vijana wenye kamera shingoni wakiwashawishi wageni wapigwe picha za ukumbusho. Likoni na Changamwe nako ni nadra arusi, maulidi au mahafali ya chekechea kufanyika bila mpiga picha. Ukiuchungulia mfuko wa kila mmoja wao, utapata betri za akiba, mbili au tatu, kwani kamera ikizimika bibi arusi hatangoja.

Lakini betri si shauri la wapiga picha peke yao. Kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, tochi, redio, rimoti ya televisheni na vitu vya watoto vya kuchezea vyote hutumia betri, na nyumba nyingi zina betri zilizosahauliwa ndani ya droo au mkebe. Zikitunzwa vyema hazina neno. Zikipuuzwa zaweza kuunguza nyumba, kuchoma koo la mtoto au kutia sumu mwilini. Wiki hii tutaeleza jinsi ya kuzichagua, kuzitunza na kuzitupa, pamoja na la kufanya mambo yakiharibika.

Ni aina gani uliyo nayo?

Betri ni mkebe wenye kemikali ambazo zikikutana hutoa umeme. Zile tuzitumiazo nyumbani ni za namna nne.

Kwanza kuna mawe ya kawaida ya tochi na redio. Haya hutumiwa mara moja, na kila jiwe lina nguvu ya volti 1.5. Pili kuna mawe ya kuchajiwa, ambayo kwa umbo hayana tofauti na ya kwanza. Mengi ya siku hizi hutengenezwa kwa nikeli na hutoa volti 1.2.

Tatu ni betri za lithiamu za kuchajiwa, zile bapa zinazoingia ndani ya kamera na simu. Zilianza kuuzwa mwaka wa 1991 na kampuni ya Sony ya Japani, na mwaka wa 2019 wanasayansi watatu waliozivumbua, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Ni nyepesi na hubeba umeme mwingi, lakini maji yake ya ndani hushika moto.

Nne ni zile ndogo za duara zinazofanana na kifungo cha shati au sarafu. Hizi ndizo tutakazozitilia mkazo zaidi hapa chini, kwa sababu ya watoto.

Kuchagua betri ya akiba

Kabla hujaenda dukani, itoe betri iliyo ndani ya kamera yako usome maandishi yake. Mambo mawili ni muhimu: volti, na uwezo wa kuhifadhi umeme, ambao huandikwa kwa herufi mAh. Volti za betri mpya sharti zilingane na za ile ya zamani. Uwezo waweza kuzidi kidogo, lakini ukizidi kupita kiasi, shuku. Kampuni iliyounda kamera ikiwa imetia betri ya mAh 1,000, na ukapata nyingine yenye umbo lile lile inayojigamba kuwa ni ya 3,000 kwa nusu ya bei, ujue unadanganywa. Nafasi ni ile ile, kwa hivyo umeme hauwezi kuongezeka mara tatu.

Si lazima ununue betri ya kampuni iliyounda kamera, kwani zipo nyingine nzuri. Zingatia haya: ishike mkononi uhisi uzito, kwa sababu za bandia aghalabu ni nyepesi, soma maandishi uone kama yana makosa ya tahajia, tazama kama ganda limeungwa vizuri, tafuta alama ya ubora ya KEBS, ingawa yenyewe pia yaweza kughushiwa, na udai risiti. Betri ya magendo huenda haina kile kifaa kidogo cha ndani ambacho hukata umeme ikijaa au ikipata joto. Kifaa hicho ndicho kinachokukinga na moto.

Iwapo kamera yako au kipimo chako cha shinikizo hutumia mawe, usichanganye mapya na makuukuu, wala ya kuchajiwa na yasiyochajiwa. Jiwe dhaifu husukumwa na yale yenye nguvu hata likavuja. Na usijaribu kamwe kuchaji jiwe lisilo la kuchajiwa, kwani laweza kupasuka.

Joto, unyevu na chumvi ya Pwani

Adui mkubwa wa betri ya lithiamu ni joto, na Mombasa joto halina msimu wa likizo. Kemikali za ndani huchakaa upesi zaidi kadiri joto linavyopanda. Gari lililofungwa vioo na kuachwa juani kwa saa chache laweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 50 ndani yake. Usiache betri humo, wala juu ya mchanga wa ufuoni au dirishani panapopigwa na jua. Ziweke kivulini, ndani ya mfuko wa kitambaa.

Watu wengine huhifadhi betri ndani ya friji. Hapa kwetu penye unyevu mwingi jambo hili halifai, kwani ukiitoa tu hutokwa jasho la maji ambalo hutia kutu vibati vya kupitishia umeme. Kabati kavu lenye kupitisha hewa latosha.

Upepo wa bahari nao hubeba chumvi. Vifute vibati vya betri kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi ya ufuoni. Betri ikitumbukia katika maji ya bahari, usiikaushe jikoni wala kuichaji tena. Maji ya chumvi hupitisha umeme, nayo huenda ikawaka saa kadhaa baadaye hata kama yaonekana imekauka. Iweke nje, mbali na nyumba, kisha uifanye kuwa ni ya kutupwa.

Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, iache betri ya lithiamu ikiwa imejaa nusu. Ikikaa imejaa kabisa huzeeka mapema, na ikikaa tupu kabisa yaweza kufa. Ile imani kwamba ni lazima betri iishe kabisa ndipo ichajiwe ilitokana na betri za zamani za nikeli na kadimiamu, na haihusu lithiamu. Andika mwaka wa kununua juu ya kila betri na uzipe nambari, ili uzitumie kwa zamu. Nyingi hupungua nguvu baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500.

Unapozibeba, kila moja iwe ndani ya kifuniko chake cha plastiki au mfuko wake. Betri ikigusana na funguo au sarafu mfukoni, umeme hupita njia ya mkato na waweza kukuunguza paja. Wanaosafiri kwa ndege kupitia uwanja wa Moi, Changamwe, wakumbuke kuwa betri za akiba za lithiamu hubebwa katika mkoba wa mkononi, wala haziruhusiwi katika mizigo ya chini ya ndege. Sababu ni kwamba moto ukitokea mbele ya wahudumu utaonekana na kuzimwa, lakini katika shehena hakuna wa kuuona.

Kuchaji usiku

Wengi huchaji wakiwa wamelala, tena juu ya godoro au chini ya mto. Hii ni hatari. Chaja hutoa joto, na godoro la sponji hulizuia joto lisitoke. Chaji juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na pazia na karatasi. Chagua wakati ambapo uko macho, na uchomoe betri ikijaa.

Tazama pia mahali ulipoiweka chaja. Katika nyumba zetu nyingi, chumba kina mlango mmoja na dirisha lenye vyuma. Ukichajia mlangoni, moto ukizuka utakuwa kati yako na njia ya kutokea. Umeme ukikatika, ichomoe chaja, kwa maana unaporudi huweza kuja na nguvu nyingi kuliko kawaida.

Betri ikivimba au kushika moto

Betri ya lithiamu iliyofura imejaa gesi. Usiibonyeze, usiitoboe, wala usijaribu kuitia ndani ya kamera kwa nguvu. Acha kuichaji mara moja na uiweke nje katika chombo cha udongo au cha chuma chenye mchanga.

Ikianza kutoa moshi au mlio wa kufyonza, waondoe watu kwanza. Moshi wake una sumu, zikiwemo gesi zinazochoma mapafu. Kama ni betri ndogo na moto haujasambaa, maji mengi husaidia kuipoza. Ukiona moto unakushinda, toka, funga mlango nyuma yako, na upige simu 999 au 112. Betri yaweza kuwaka tena baada ya kuzimika, kwa hivyo usiirudishe ndani.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Vua pete na bangili kabla mwili haujavimba, funika jeraha kwa kitambaa safi, kisha umpeleke hospitalini. Aliyevuta moshi apelekwe hata kama anasema hajambo, kwani shida ya kupumua yaweza kuanza baada ya saa kadhaa.

Mawe: Usianike, usiume, usionje

Kuna desturi ya kuanika mawe ya redio juani ili yapate nguvu tena. Ni kweli joto huchangamsha kemikali kwa muda, na redio italia kidogo. Lakini joto hilo hilo huharibu ganda la jiwe, na maji yake huanza kuvuja. Wengine huyauma kwa meno wayaminye, na watoto huonja betri kwa ulimi wapime kama ingali na moto. Mawe ya alkali yana maji makali ambayo huchoma ngozi, mdomo na macho. Na unga mweusi ulio ndani ya mawe, ambao watoto huuchezea kama rangi, una madini ya manganizi. Madini hayo yakiingia mwilini kwa wingi na kwa muda mrefu huathiri mishipa ya fahamu.

Jiwe likivuja ndani ya kifaa, vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi ulitoe. Kwa mawe ya alkali, futa uchafu kwa pamba iliyoloweshwa kidogo kwa siki au ndimu, kisha ukaushe. Maji yake yakikuingia machoni, osha macho kwa maji safi mfululizo kwa dakika 20 au zaidi, huku ukiyafungua, kisha umwone daktari siku hiyo hiyo. Njia bora ya kuepuka haya ni kuyatoa mawe ndani ya kifaa chochote usichokitumia kwa mwezi mzima.

Betri za kifungo: Hatari kwa mtoto

Iwapo una mtoto wa chini ya miaka sita, isome sehemu hii mara mbili. Betri za duara hupatikana katika rimoti ndogo, saa, mizani, kadi zinazoimba, vipimo vya sukari na taa za mapambo. Ile inayotisha zaidi ni ya lithiamu yenye volti 3, iliyoandikwa CR2032. Nambari hizo zina maana: upana wake ni milimita 20 na unene wake ni milimita 3.2. Kwa upana huo yaweza kukwama katika umio wa mtoto, ile njia ya chakula.

Watu hudhani hatari ni kunyongwa, au betri kupasuka na kumwaga sumu. Sivyo. Betri ikikwama penye majimaji ya mwili, umeme wake hupita katika nyama na kutengeneza kemikali kali kama ile ya kuzibulia mabomba. Kemikali hiyo huanza kuchoma umio, na madhara makubwa yaweza kutokea kwa muda wa saa mbili tu. Baadhi ya watoto hutobolewa umio hadi kwenye njia ya hewa au mshipa mkubwa wa damu, hata siku kadhaa baada ya betri kutolewa. Na usijidanganye kuwa betri iliyokwisha haina neno. Iliyoshindwa kuendesha rimoti bado ina umeme wa kutosha kuchoma koo.

Dalili zaweza kukupumbaza. Mtoto hutokwa na udenda, hukohoa, hukataa chakula, hutapika au hulia akishika kifua, nawe ukadhani ni mafua. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mwanzoni. Ikiwa rimoti imefunguka na betri haionekani, chukulia kwamba mtoto ameimeza.

Fanya hivi. Mpeleke mara moja katika hospitali yenye eksrei, na useme waziwazi tangu langoni kwamba huenda amemeza betri, ili asiwekwe katika foleni ya kawaida. Usimtapishe. Usimpe chakula, maziwa wala maji. Kitu kimoja tu ambacho wataalamu hukikubali ni asali: kama mtoto ametimiza mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza makali ya kuungua kwa muda, lakini si tiba. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kuitafuta. Asiyetimiza mwaka asipewe asali kabisa.

Wakazi wa Likoni wanaolazimika kuvuka kwa feri kwenda hospitali kuu ya Pwani wasingoje kuona kama mtoto atapata nafuu. Saa mbili huisha haraka. Kama betri ameitia puani au sikioni, usitie matone yoyote, na vile vile mkimbize hospitalini, kwani huchoma huko pia.

Kinga ni rahisi. Nunua vifaa ambavyo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Ule uliolegea, uzungushie utepe. Hifadhi za akiba mahali pa juu palipofungwa, na iliyokwisha izungushie utepe pande zote kabla ya kuitupa.

Betri za gari na funzo la Owino Uhuru

Mahali pasipo umeme, wengine hutumia betri kuukuu ya gari kuwashia taa na kuchajia simu na kamera. Betri hiyo ina tindikali inayochoma, na wakati wa kuchajiwa hutoa gesi inayolipuka. Ikae nje ya chumba cha kulala, mbali na jiko na sigara. Kubwa zaidi ni kwamba ina madini ya risasi, na juu ya madini haya bara ya Mombasa imepata funzo chungu.

Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, sehemu ambayo kabla ya uchaguzi wa 2013 ilikuwa katika eneo bunge la Changamwe, palijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari ili kupata risasi. Moshi, vumbi na maji machafu viliwaingilia wanakijiji. Phyllis Omido, aliyefanya kazi huko mwaka wa 2009, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi katika damu. Aliongoza kampeni, kiwanda kikafungwa mwaka wa 2014, naye mwaka wa 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Kwa nini risasi iogopwe hivyo? Mwili huidhania kuwa ni madini ya kalisi na kuiweka ndani ya mifupa, ambako hukaa miaka mingi. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima. Huharibu ubongo unaokua, hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo na kufunga choo, na ikizidi huleta degedege na hata kifo. Kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango cha risasi ambacho ni salama. Dawa za kuiondoa katika damu zipo, lakini haziurudishi ubongo ulioharibika.

Basi usivunje wala kuyeyusha betri nyumbani, hata kwa ajili ya vyuma vya kutegea nyavu. Anayefanya kazi hiyo abadilishe nguo na kuoga kabla ya kuwashika watoto. Ukishuku mtoto amepatwa, mwombe daktari apime damu yake. Vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi kama dagaa, mchicha na maziwa husaidia mwili kufyonza risasi kidogo zaidi, ingawa haviponyi.

Kuzitupa

Usichome betri pamoja na takataka za uani, kwani hulipuka na moshi wake una sumu. Usizitupe ufuoni, kisimani wala mtaroni. Zikienda na taka za kawaida huishia majaani, kama lile la Mwakirunge, ambako huwadhuru wanaookota taka kwa mikono. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inawadai watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wabebe jukumu la taka zake. Muulize aliyekuuzia kama atazipokea, au uulize ofisi ya NEMA kuhusu wanaokusanya taka za umeme. Wakati unangoja, ziweke ndani ya mkebe wa plastiki wenye mfuniko, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe, mbali na watoto.

Kwa ufupi

* Linganisha volti; usivutwe na bei wala mAh za ajabu.
* Weka betri kivulini na pakavu. Usiache ndani ya gari.
* Usichaji juu ya kitanda wala mlangoni.
* Iliyofura au iliyoingia maji ya bahari haina kazi tena.
* Usianike, usiume, usionje, usichome.
* Mtoto akimeza betri ya kifungo, usingoje dalili.

Leo jioni, kabla ya kulala, izunguke nyumba yako kwa dakika 10. Hesabu betri zilizomo, uone zilipo na nani anaweza kuzifikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.